Ndoa Haitamtuliza

"Sista, tumemtafutia mke. Akioa atatulia." Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo mara tatu. Mara ya mwisho mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi papo hapo, kainamisha kichwa, na suti ya kupeleka mahari ilikuwa imeshashonwa.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Nairobi, na nyumba za namna hiyo nimezizoea. Ndoa haitibu skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, wala baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Dhana hii haifi kwa sababu magonjwa haya mara nyingi huanza kati ya ujana wa mwisho na miaka 30, umri uleule wazazi wanapoanza kuulizia mkwe. Kijana halali, anaongea peke yake, kazi ameacha. Nyumbani wanasema ni ujana tu. Harusi nayo ni mikesha na madeni, na kwa mwenye baipola, siku chache za kukosa usingizi zinatosha kuamsha ugonjwa uliokuwa umetulia.

Kisha kuna siri. Bibi harusi haambiwi kitu. Mume anaogopa kumeza vidonge mbele yake, anaviacha, na baada ya wiki au miezi dalili zinarudi. Binti wa watu anaamka usiku wa manane katika chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Pipeline, mumewe amesimama mlangoni akisema majirani wanataka kuwaua. Hajui anachokiona. Anadhani ni bangi, au ni yeye aliyekosea. Akirudi kwao, mnamlaumu kwamba amemtoroka mgonjwa, na mtoto anaachiwa shosho ambaye tayari anamlinda mwanawe usiku kucha.

Kwa mabinti wanasema "akizaa atatulia", na hapo ndipo uvumilivu huniisha. Wiki za kwanza baada ya kujifungua ndizo za hatari zaidi kwa mwanamke mwenye baipola. Kurukwa na akili baada ya uzazi humpata mama mmoja au wawili katika kila 1,000. Kwa mwenye baipola uwezekano huo unapanda mno. Tena kama anatumia valproeti, mojawapo ya dawa za baipola, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Daktari huibadilisha kabla ya mimba. Kuiacha kimyakimya hedhi ikikosekana ni kujitafutia balaa lingine.

Sisemi wasioe. Wapo wengi wanaotumia dawa vizuri na ndoa zao zina amani. Ila kabla ya mahari kupelekwa, njooni kliniki na mchumba, asikie kila kitu akiwa bado na nafasi ya kuamua. Nunueni pia daftari dogo, muandike saa alizolala. Usingizi ukipotea siku mbili mfululizo, msingoje tarehe ya kliniki.

Mengine ninayoambiwa nitayajibu kwa ufupi.

"Ni ugonjwa wa ukoo, watoto wote wataupata." Mzazi mmoja akiwa na skizofrenia, takriban mtoto mmoja kati ya 10 huupata. Tisa hawaupati.

"Tumalize maombi kwanza." Ombeni, na dawa ameze. Kadiri mtu anavyokaa muda mrefu bila matibabu, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

"Mathari ni ya walioharibika kabisa." Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili hapa Nairobi ipo tangu 1910, na kuna watu wanaofika kliniki, wanachukua dawa na kurudi kazini.

"Watoto hawaelewi." Wanaelewa. Mtoto wa miaka saba anayekosa shule ili mama asibaki peke yake anaelewa kuliko wajomba wote waliokaa kikao. Asichojua ni chanzo, na asipoambiwa hujitwika lawama mwenyewe. Mwiteni mkiwa mmetulia, mumwambie: mama ana ugonjwa wa akili, si wewe uliyeuleta, na tunampeleka hospitali. Kisha mrudisheni shule, na mtu mzima akae na mama.