Sukari ya paka mbona haitulii? Maswali ya wanaomchoma paka insulini nyumbani

Jana asubuhi kabla ya sindano paka wangu alisoma sukari 22 (kwa mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu), leo 14. Dozi ni ileile, chakula kilekile. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Insulini inayochomwa chini ya ngozi haiingii kwenye damu kwa kasi ileile kila siku. Jana ulichoma penye mafuta, leo penye ngozi nyepesi. Jana alilala kutwa, leo kakimbizana na mijusi. Tena kongosho la paka wengi wenye kisukari halijafa kabisa. Siku nyingine hutoa insulini yake kidogo, siku nyingine hugoma. Ukijumlisha na kasoro ndogo ya mashine yenyewe, tofauti hiyo haishangazi.

Basi nitazame nini?

Tazama sukari inashuka mpaka wapi. Baada ya sindano hushuka taratibu, ikafika chini kabisa mara nyingi baada ya kupita saa 4 hadi 8, kutegemea aina ya insulini na paka mwenyewe, kisha hupanda tena. Kwa paka anayechomwa kila baada ya saa 12, kipimo cha kabla ya sindano kwa kawaida huwa juu kuliko vingine, kwa sababu dawa ya awali imeshakwisha nguvu. Anayepima asubuhi tu na kukata tamaa anatazama saa mbaya kuliko zote.

Ndiyo maana daktari wa mifugo huomba vipimo vya siku nzima: kimoja kabla ya sindano, halafu kila saa 2 mpaka saa 12 ziishe. Tone la damu hutolewa kwenye ukingo wa sikio; pasha sikio kwanza kwa kitambaa cha uvuguvugu, damu itatoka kwa urahisi. Kwa kawaida tunataka sehemu ya chini iwe kati ya 4.5 na 8 hivi, na ya juu isipite sana 16. Kwa nini 16? Karibu na hapo figo za paka hushindwa kuizuia sukari, nayo humwagika kwenye mkojo ikivuta maji. Ukiona bakuli la maji linakauka na mchanga wake wa choo unalowa kuliko kawaida, ujue amekuwa akivuka mpaka huo.

Kliniki alisoma 19, nyumbani 10. Mashine ipi ni mwongo?

Pengine hakuna mwongo. Mtie paka kwenye boksi, mpandishe gari, mkalishe mbele ya mbwa wanaobweka: homoni za hofu zitaliamuru ini limwage sukari. Hata paka asiye na kisukari anaweza kuvuka 16 kwa woga tu. Daktari akiwa na shaka hupima fruktosamini, yaani protini ya damu iliyoshikana na sukari, inayoonyesha hali ya wiki moja au mbili zilizopita, si ya dakika ile ya hofu. Kumbuka pia kwamba mashine za binadamu mara nyingi husoma chini ya ukweli kwa damu ya paka. Baki na mashine moja, na umwambie daktari ni ya aina gani.

Namba iko juu. Niongeze yuniti moja?

Usiongeze kwa sababu ya kipimo kimoja. Paka aliyeshuka hadi 3 saa sita mchana na kupanda hadi 20 jioni, ukimwongezea dozi unaweza kumuua. Kwanza kagua mabomba ya sindano, maana hapa watu huumia sana. Kuna insulini ya U-40 (yuniti 40 kwa kila mililita) na ya U-100 (yuniti 100), na kila moja ina bomba lake. Ukivuta U-100 kwa bomba la U-40 unampa mara mbili na nusu ya dozi. Kisha muulize daktari kuhusu meno yaliyooza, maambukizi ya mkojo, na sindano za steroidi alizowahi kuchomwa kwa ajili ya kuwashwa. Vyote hivyo huidhoofisha insulini.

Nimemkuta anayumba na kutetemeka.

Sukari imeshuka mno. Mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi kwa kidole, usimmiminie kooni. Akiweza kumeza, mpe chakula. Sindano usimchome, na umpeleke kwa daktari hata akiinuka, kwa sababu insulini bado inafanya kazi na sukari inaweza kushuka tena.

Na akigoma kula?

Usimchome dozi nzima kwa mazoea. Mpigie daktari kwanza. Akitapika au akilegea, usingoje kesho.

Anakula ugali na dagaa. Nibadilishe?

Dagaa si tatizo, ugali ndio tatizo. Paka ni mla nyama, na wanga humpandishia sukari. Lakini usiuondoe kimyakimya: wanga ukipungua, dozi iliyokuwa sawa wiki iliyopita inaweza kuwa kubwa mno wiki hii. Zungumza na daktari, na upime mara nyingi zaidi siku hizo.

Baadhi ya paka, hasa walioanza matibabu mapema, kongosho lao huamka hata wakaacha sindano kabisa. Kwa hiyo paka aliyekuwa akisoma 18 akianza kusoma 5 kabla ya sindano, weka bomba chini na upige simu.