Lemmy Hakuimba Usiku Ule: Dhana Potofu za Mashabiki wa Roki ya Anga

Kazi yangu ni kurekodi simulizi za watu waliohudhuria matamasha ya roki ya anga, yaani roki yenye milio ya mashine inayoiga safari za angani, huko Uingereza miaka ya 1970. Wengi wao sasa wamevuka miaka sabini, ni wakarimu, na wana mengi ya kusimulia. Lakini yapo mambo ambayo nimeyasikia mpaka masikio yameota sugu, na leo nayatoa moyoni.

“Nilikuwepo Roundhouse, nikamwona Lemmy akiimba ‘Silver Machine’.”

Hili ndilo linalonimaliza. Tamasha lenyewe ni la kweli: Februari 13, 1972, Roundhouse, Chalk Farm, London, jengo lililojengwa karne ya 19 kuwa karakana ya vichwa vya treni. Hawkwind, bendi ya roki ya anga, walipiga. Lemmy, mpiga besi wao, alikuwa jukwaani na gita lake. Wimbo nao ulirekodiwa usiku huohuo. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Ila aliyeuimba ni Robert Calvert, mshairi wa bendi, ambaye ndiye aliyetunga maneno yake. Baadaye, kanda iliposikilizwa, ikaonekana uimbaji wake haukukaa sawa. Wakaingia studio, na Lemmy akaimba upya juu ya muziki uleule wa jukwaani. Hiyo ndiyo santuri iliyotoka mwaka huo na kupanda hadi nafasi ya 3 Uingereza.

Sasa mtazame huyo shabiki. Wimbo aliusikia mara moja, dakika chache tu, katikati ya moshi na mwanga uliopitishwa kwenye mafuta ya rangi ukitambaa ukutani. Tangu hapo redio, santuri, kaseti na CD zimemlisha sauti ya Lemmy kwa miaka hamsini, tena juu ya muziki alioupata kwa masikio yake mwenyewe. Ubongo ufanye nini? Unaichukua sauti ya kwenye santuri na kuitia kinywani mwa mpiga besi. Mzee hasemi uongo. Anakumbuka kwa dhati jambo ambalo halikutokea.

Televisheni ikazidisha. Wimbo ulipokuwa juu kwenye chati, kipindi cha Top of the Pops kilionyesha filamu ya bendi ikipiga ukumbini Dunstable, sauti ya santuri ikiwa imepachikwa juu yake. Mtazamaji akaona jukwaa la kweli na jasho la kweli, akasikia sauti ya studio. Wengi wanaoniapia kwamba walimwona Lemmy kwa macho yao, nina shaka walimwona wakiwa sebuleni kwa wazazi wao. (Na wewe unayesema uliwaona ndani ya studio ya kipindi hicho: hawakwenda studio. Filamu ilipelekwa badala yao.)

Nikiyaeleza haya najibiwa, “Lakini picha naiona waziwazi!” Uwazi wa picha si ushahidi wa chochote. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipobamizana, wengine yalipogongana tu. Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kundi la kwanza, 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Kundi la pili, 7 kati ya 50. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Hayo yalifanywa na neno moja ndani ya siku saba, na mimi naletewa nusu karne ya santuri.

Kwa hiyo nawasihi, kama nilivyowasihi waliotangulia: ukijua nakuja kukurekodi, usiichezeshe albamu eti ujikumbushe. Usifungue YouTube. Usimpigie simu rafiki mliyekwenda naye mkapatana cha kusema. Nieleze ulivaa nini, mlirudije nyumbani usiku ule, nani alitapika ndani ya basi, choo cha ukumbi kilikuwa upande gani. Hakuna santuri iliyowahi kumfundisha mtu choo kilikuwa upande gani, ndiyo maana mambo ya choo nayaamini kuliko ya jukwaani.

“Albamu ya Space Ritual ndiyo onyesho nililoliona, neno kwa neno.”

Labda kama siku ile ulikuwa katika miji miwili. Albamu hiyo ya 1973 ya Hawkwind ilirekodiwa Desemba 1972 Liverpool na Brixton, London, na baadhi ya nyimbo zikakatwa ili zitoshe kwenye santuri. Kama wewe ulikuwa mji mwingine, niambie ya mji wako. Hayo hayako kwenye albamu ya mtu yeyote.

“Isle of Wight 1970 niliwaona Hawkwind jukwaa moja na Hendrix.”

Hapana. Hendrix, mpiga gita, alipiga ndani ya tamasha; Hawkwind walipiga nje ya uzio, bure, kwa waliokosa tiketi na waliokataa kununua. Ajabu ni kwamba watu wanaona haya kusema walikuwa nje, ilhali kwa bendi hii nje ndiko kulikokuwa na uhondo.

“Nilikuwepo siku nguruwe wa bendi ya Pink Floyd alipokata kamba akapaa.”

Nguruwe yule wa puto alitoroka Desemba 3, 1976, kwenye kituo cha umeme cha Battersea, wakati wa kupiga picha za jalada la albamu. Hapakuwa na tamasha wala tiketi. Katika maonyesho ya 1977 nguruwe walikuwepo, kwa hiyo inawezekana nguruwe ulimwona. Kutoroka kwake ulikusoma gazetini.

“Kila mtu ukumbini alikuwa amelewa LSD.”

Dhana hii ya dawa za kulevya hupendwa zaidi na ambao hawakuwepo. Wengi niliowarekodi walikuwa watoto wa shule wenye nauli ya kurudi tu mfukoni. Walipagawa, ndiyo, lakini kulikuwa na sababu: taa za Liquid Len, fundi taa wa Hawkwind, Stacia akicheza dansi, Dik Mik na Del Dettmar wakikoroga milio ya mashine mpaka hujui ipi ni ala na ipi ni kichwa chako. Mtu aliyekunywa chai angeyumba.

“Walikuwa na mlio mzito unaofanya watu wajiharibie nguo.”

Huo ni utani wa vijiweni. Mlio wa namna hiyo haujathibitishwa popote. Taa za kumweka ndizo za kuhofia: zinazomweka kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde zinaweza kumwangusha mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Ila madhara ninayokutana nayo kila wiki ni ya masikio. Kelele ya desibeli 85 inavumilika kwa muda wa saa 8. Kila ikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu, na ikifika 100 umebakiwa na robo saa. Bendi hizi zilipiga kwa muda wa saa mbili. Kwa hiyo wajukuu mnaokwenda matamashani, nunueni vizibo vya masikio, vile vya mpira, si pamba. Na mzee anayekataa kifaa cha kusikia kwa sababu “anasikia vizuri tu”, mpelekeni akapimwe kabla sijafika na maikrofoni yangu, maana kurudia swali moja mara nne kwenye kanda ni adha kwangu na kwa atakayeisikiliza.