Dhana potofu kuhusu uwiano kinyume na mlinganyo wake

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kiasi kimoja kikiongezeka huku kingine kikipungua, basi viwili hivyo vina uwiano kinyume. Ukweli ni kwamba kupungua peke yake hakutoshi: x na y huwa na uwiano kinyume pale tu zao lao, yaani x mara y, linapobaki lile lile kwa kila jozi, na ndiyo maana mlinganyo huandikwa y = k/x, ambapo k ni zao hilo lisilobadilika. Mshumaa wa sentimita 20 unaopungua sentimita 2 kila saa utabaki na sentimita 18 baada ya saa 1, 16 baada ya saa 2 na 12 baada ya saa 4. Ukizidisha saa kwa urefu unapata 18, 32 na 48, kwa hiyo mlinganyo wake ni y = 20 − 2x, wala hakuna uwiano kinyume hapo. Lakini safari ya kilomita 180 huchukua saa 4 kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, saa 3 kwa mwendo wa 60, na saa 2 kwa mwendo wa 90. Kila mara zao ni 180. Hapa k ndiyo umbali wenyewe, jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alione kabla ya kukariri kanuni.

Wengine huitafuta k kwa kugawanya y kwa x, kwa mazoea ya uwiano wa moja kwa moja. Ikiwa y = 8 wakati x = 3, k ni 24, si 8/3; x ikiwa 6, y inakuwa 4. Aliyegawanya, kisha akazidisha 8/3 kwa 6, atapata 16, na jibu lililokua pamoja na x lingepaswa kumshtua.

Swali likitaja uwiano kinyume na mraba wa x, mlinganyo ni y = k/x². Mwanga wa taa ndogo hufuata kanuni hiyo: umbali ukiongezeka maradufu, ukali wake hushuka hadi robo, si nusu.

Wapo pia wanaodhani k haibadiliki kamwe. Mwanasayansi Robert Boyle alipochapisha mwaka 1662 kwamba kanieneo ya gesi ina uwiano kinyume na ujazo wake, kanuni hiyo ilihusu gesi ya kiasi kile kile katika jotoridi lile lile. Gesi ikipashwa moto, PV = k (P ni kanieneo, V ni ujazo) bado huandikwa vivyo hivyo, ila k ni nyingine na lazima ikokotolewe upya.