Maswali na majibu: sufuria ya alumini, ndimu na magadi

Swali: Nauza chakula Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Sufuria ninayochemshia maharage ya magadi inakuwa nyeusi ndani, lakini nikiipikia mchuzi wa sato wenye nyanya na ndimu inatakata. Ni sumu?

Jibu: Umeona sawasawa, mama. Alumini ikipata hewa hujivika utando mwembamba wa oksidi, na utando huo ndio ngao yake. Hutulia kwenye pH ya 4 hadi 9 hivi (pH ni kipimo: namba ndogo ni tindikali, yaani uchachu; namba kubwa ni alkali, kama magadi). Ndimu, siki na ukwaju viko chini ya hapo, magadi yako juu, na alumini huliwa na tindikali na alkali vilevile. Magadi yanauchokonoa utando, sufuria inashika weusi. Ndimu na nyanya zinauyeyusha weusi huo, nao unaingia mchuzini.

Kwa mwenye figo nzima, kiasi hicho hakimdhuru: alumini nyingi tunayomeza hutoka na choo, na ile kidogo inayoingia kwenye damu huchujwa na figo. Mwaka 2011 wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) waliweka kikomo cha alumini cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Kinachoongeza alumini ni muda, kwa hiyo mchuzi wa ndimu usilale kwenye sufuria. Ukiiva, hamishia kwenye hotpoti. Mgonjwa wa figo, hasa anayesafishwa damu, apikiwe kwenye chungu au sufuria ya stili.

Swali: Na zile sufuria nzito zinazotengenezwa na mafundi wa mtaani?

Jibu: Hizo ndizo zinazonitia hofu. Huyeyushwa kutokana na chakavu, vipande vya injini vikiwemo, na huweza kuwa na madini ya risasi (lead). Za aina hiyo zilipopimwa Cameroon kwa kuchemshiwa tindikali ya siki, baadhi zilitoa risasi. Risasi haina kiwango salama, na huharibu ubongo wa mtoto. Uji wa mtoto wenye ukwaju au ndimu usipikwe humo kabisa.

Swali: Kikundi chetu Igoma tunatengeneza sabuni. Tunaweza kukoroga kostiki soda kwenye sufuria?

Jibu: Hapana! Kostiki huitafuna alumini papo hapo: inachemka bila moto, inarusha matone makali na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Tumieni ndoo nzito ya plastiki, vaeni glavu na miwani, na mtie kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Ikimrukia mtu jichoni, mwosheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatisha, kisha mpelekeni hospitali hata kama maumivu yametulia.