Maji ya bahari kuwa meupe haimaanishi hayana sumu

Watu wengi tunaamini bahari ikiwa safi kwa macho, unaona mpaka chini, basi samaki wake hawana shida. Jamani, sivyo kabisa. Metali zenye sumu kama zebaki, risasi (madini, si ya bunduki) na kadmiamu huzioni kwa macho, na nyingi hata hazikai kwenye maji, zinashikana na vumbi la udongo zinazama kwenye tope, ndo maana wanaopima uchafuzi hawaishii kuchota maji kwenye chupa, wanachimba tope la chini na wanapima pia chaza na kome, kwa sababu hao wanakaa palepale wakichuja maji mchana na usiku, na sumu inajikusanya mwilini mwao.

Angalia mji wa Minamata kule Japani. Kiwanda cha Chisso kilimwaga maji taka yenye zebaki tangu 1932 mpaka 1968, ugonjwa wa watu uliotokana na sumu hiyo ukatambuliwa rasmi 1956, na kabla ya hapo paka waliokula samaki wa pale walishaanza kutetemeka na kuanguka ovyo. Sumu ilipanda toka kwa vijidudu vya majini kwenda dagaa, samaki wakubwa, mpaka kwa mama mjamzito na mtoto wake tumboni, inaniuma sana hii. Na kiwanda kuacha kumwaga hakukumaliza kitu, tope lilibaki na zebaki yake, wakaja kulifukua na kulifukia kuanzia 1977 hadi 1990.

Kwa hiyo mtu akikwambia maji yamepimwa yako salama, muulize na tope je, na samaki je?