Minyoo ya kwenye tangi la samaki: usiogope usiyopaswa kuiogopa

Jirani yangu wa Majengo, Moshi, aliniita mbio Jumamosi. Alikuwa anasafisha akwariamu yake, akachokoa changarawe, vikaibuka vijinyoo vyeupe vyembamba kama uzi wa kushonea, vinajipinda majini. "Mama Neema, watoto wangu wataota minyoo!" Ndoo ilishakuwa tayari, anataka kumwaga tangi zima.

Hawaoti. Vijinyoo vile ni jamaa wa nyungunyungu, vinaishi kwa mabaki ya chakula na mavi ya samaki. Vikizidi, ujue unalisha mno. Planaria, yule bapa mwenye kichwa cha pembetatu, naye hamwambukizi mtu. Hata ile myekundu inayochungulia kwenye tundu la haja la samaki ni maradhi ya samaki. Minyoo ya tumbo la mtoto hutoka kwenye udongo na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi cha binadamu.

Dhana inayonitisha ni nyingine: "Konokono wa mferejini ukimtia tangini hana shida, anakula ukijani tu." Jamani! Huku Moshi ya chini, kwenye mifereji ya mpunga, kichocho kipo. Mgonjwa akijisaidia majini, konokono anaambukizwa, kisha kwa wiki nyingi anatoa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na hata mchubuko, ndani ya dakika chache. Konokono aliyezaliwa tangini hana hatari hiyo, maana hakuna kinyesi wala mkojo wa mgonjwa unaomfikia.

Wengine huamini maji yakiwa maangavu ni salama. Kuna bakteria, Mycobacterium marinum, aliyetambuliwa mwaka 1926 kwa samaki wa akwariamu huko Philadelphia, Marekani. Anaingia kwenye jeraha. Wiki mbili au nne baadaye kidole kinatoa kinundu kisichopona, na dawa hunywewa kwa miezi. Ukiwa na kidonda vaa glavu, mpira wa kutolea maji usiunyonye kwa mdomo, na daktari mwambie unafuga samaki, maana bila hivyo si rahisi alifikirie.

Tangi halikumwagwa. Ila kwenye kioo niliona konokono wawili. Kijana wake aliwaokota mferejini Mabogini mwezi uliopita. Tuliwatoa kwa kijiko, tukawamwagia maji yanayochemka. Nikamwambia mama na kijana, wote walioingiza mikono humo, wakapime choo na mkojo.