Bomu la Ardhini Halikungoji Uinue Mguu

"Ukikanyaga bomu la ardhini, ganda hapohapo. Halilipuki mpaka uinue mguu." Nimelisikia hili likisemwa na watu wazima kwa uhakika kabisa, na chanzo chake ni filamu: askari anasikia mlio wa "tak", jasho linamtoka, wenzake wanamchimbia taratibu.

Si kweli. Chukua PMN la Kisovieti, lililotegwa kwa wingi Msumbiji na Angola. Ni kopo la plastiki ngumu lenye kifuniko cha mpira, na ndani yake mna gramu 240 za kilipuzi cha TNT. Mguu ukilibonyeza, linalipuka papo hapo, na uzito wa mtoto mdogo unatosha. Viwashio vinavyofyatuka uzito unapoondolewa vipo, lakini kwa kawaida hufichwa chini ya bomu jingine ili kumnasa mteguzi anayeliinua. Wengi wanaokanyaga mabomu ya aina ya PMN hawafi palepale, ila hupoteza mguu. Ndivyo yalivyokusudiwa, kwa sababu majeruhi mmoja huwashughulisha wenzake wa kumbeba, daktari na hospitali nzima.

Wengine hudhani kila bomu la ardhini limefukiwa. Jina lenyewe linapotosha. POMZ huchomekwa juu ya kijiti kati ya majani, na waya mwembamba huvutwa kukatiza njia. Ukiugusa kwa mguu, vipande vya chuma vinaruka pande zote. MON-50 husimamishwa juu ya ardhi, limeelekezwa upande mmoja, na kurusha vyuma mbele yake. OZM-72 ndilo linalonitisha kuliko yote: hufukiwa, kisha likiguswa huruka hadi usawa wa kiuno ndipo lilipuke, hivyo linawapata hata waliokuwa mbali na aliyelifyatua. Mdogo kuliko yote hayo ni PFM-1, lenye umbo kama la bawa. Lilimwagwa kutoka angani huko Afghanistan, na watoto waliliokota wakidhani ni kitu cha kuchezea.

Je, bomu la kutegea vifaru halimdhuru mtu wa kawaida? Ni kweli kwamba TM-57, lenye zaidi ya kilo 5 za kilipuzi, huhitaji uzito mkubwa kuliko wa mtu anayetembea. Lakini halitofautishi kifaru na lori la mahindi au basi la abiria. Tena mara nyingi lilizungushiwa mabomu madogo ya kuzuia watu wasilifikie.

Dhana nyingine ni kwamba kifaa cha kugundua chuma kinamaliza kazi. Mabomu mengi ya plastiki yana chuma kidogo sana, huku uwanja wa vita ukiwa umejaa maganda ya risasi, misumari na makopo. Kila mlio lazima uchimbuliwe kwa uangalifu uleule, hata kama mwishoni ni msumari. Hapa ndipo Morogoro ilipoingia. Shirika la APOPO, lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine, huwafundisha panya buku kunusa TNT yenyewe, kwa hiyo chuma chakavu hakiwashughulishi. Panya hufungwa mkanda na kukimbia kwenye kamba iliyonyooshwa. Akinusa kilipuzi hukwangua ardhi, kisha hupewa kipande cha ndizi. Uzito wake ni kilo 1 na ushei, hauwezi kulifyatua bomu. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020.

Kuhusu mkataba wa Ottawa wa 1997, wengi huamini ulipiga marufuku mabomu yote ya ardhini duniani. Ulihusu yale ya kulenga watu tu. Marekani, Urusi na China hazikujiunga, na mwaka 2025 nchi tano za Ulaya, zikiwemo Poland na Finland, zilichukua hatua ya kujitoa.

Dhana ya mwisho ndiyo inayowaponza wakulima: "Vita viliisha zamani, hayo yameshaoza." Plastiki haishiki kutu na TNT hukaa miongo mingi. Kijiti cha POMZ kikioza, bomu huanguka kwenye majani na kuwa gumu zaidi kuonekana. Wareno walitega mabomu kaskazini mwa Msumbiji kuwazuia wapiganaji wa uhuru wa FRELIMO waliovuka kutoka Tanzania, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaongeza mengine mpaka 1992. Mafuriko ya mwaka 2000 yakayahamisha baadhi kutoka mahali yalipojulikana. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru na mabomu hayo Septemba 2015, miaka 23 baada ya amani, na la mwisho lililojulikana lilikutwa chini ya daraja la reli mkoani Sofala.